Koo la Hewa: Injini za Ndege Zipitazo Sauti na Majina Yake katika Kiswahili

Neno mwendokasi lina bahati ya peke yake katika historia ya istilahi zetu. Kwa miaka mingi lilikaa katika vitabu vya fizikia na katika maelezo ya usalama barabarani, likiwa na maana ya kiwango cha upesi wa kitu kiendacho. Tangu Mei 2016, mabasi makubwa ya Barabara ya Morogoro yalipoanza kazi, mkazi wa Magomeni akitamka mwendokasi hakusudii fizikia. Anakusudia basi analolingoja kituoni Magomeni Mapipa, na pengine amelingoja kwa muda usioafikiana na jina lenyewe.

Tumelitaja neno hili mwanzoni kwa kuwa makala haya yahusu kasi, na yahusu pia yale yanayolipata neno litokapo mikononi mwa walioliunda. Tunakusudia kueleza jinsi zilivyobuniwa injini za ndege za abiria ziendazo kasi kuliko sauti, na kuchunguza ni kwa majina gani Kiswahili kinaweza kuieleza kazi hiyo bila kumpotosha msomaji. Huenda mtu akauliza: Tanzania haijapata kumiliki ndege ya namna hiyo, yatufaa nini majina yake? Jawabu letu ni kwamba istilahi haingoji kitu kifike bandarini. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Shauri la mkataba wa injini ya ndege likifika mbele ya jaji, mfasiri hatapewa miaka kumi ya kutafakari. Tena katika Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kilichopo Mabibo, mwendo mfupi kutoka Magomeni, vijana hufundishwa matengenezo ya ndege kwa Kiingereza, nao wakitoka darasani huelezana kwa Kiswahili yale waliyoyasikia. Kiswahili hicho cha nje ya darasa ndicho hasa kitushughulishacho.

Injini ya jeti haikuchelewa kufika Afrika Mashariki. Mhandisi Mwingereza Frank Whittle aliiandikia hataza mwaka 1930. Mjerumani Hans von Ohain, akifanya kazi mbali naye, aliitangulia kuirusha, tarehe 27 Agosti 1939. Baada ya vita, tarehe 2 Mei 1952, ndege ya aina ya Comet ya shirika la BOAC iliondoka London kwenda Johannesburg, ikiwa safari ya kwanza duniani ya ratiba kuchukua abiria kwa jeti. Ilipita Roma, Beirut na Khartoum, ikatua Entebbe, ndipo ikaendelea Livingstone na kusini. Kwa hiyo watu wa Entebbe walizoea mlio wa jeti ya abiria miaka 6 kabla New York haijapata safari ya ratiba ya namna hiyo. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1946, lilipata Comet zake mwaka 1960 na Super VC10 mwaka 1966, likaendelea nazo hadi lilipovunjika mwaka 1977. Super VC10 zake nne zilizobaki zilinunuliwa baadaye na jeshi la anga la Uingereza, zikageuzwa kuwa ndege za kuzijazia nyingine mafuta angani, na aina hiyo ya ndege ilitumika jeshini humo hadi mwaka 2013. Chuma cha zamani kina maisha marefu kuliko mashirika.

Lugha yetu ilizipokea ndege hizo kwa busara isiyokuwa na kamati. Jina eropleni lilijaribiwa, likafifia. Lililobaki ni ndege, neno la kiumbe mwenye mbawa, na utata uliozuka ukatatuliwa na sarufi yenyewe: ndege huyu anaruka, ndege hii inaruka. Mwenye kuishi mtini akabaki katika upatanisho wa viumbe vyenye uhai. Yenye kutua Ukonga ikapewa upatanisho wa vitu. Hakuna aliyetoa mwongozo wa jambo hilo, wala hakuna mtoto anayelikosea.

Ama kuhusu sehemu za ndege, maneno yalitoka pande mbili. Mabaharia walikuwa na rafadha, yaani kile kizungukacho chini ya maji na kuisukuma meli, nalo likahamishiwa angani bila taabu. Mjini kulikuwa na pangaboi. Asili ya neno hili ni pepeo la Kihindi la kuning'inizwa darini, lililovutwa kwa kamba na mtumishi. Lakini mafundi wetu wamelinasibisha na panga, na kwa sababu hiyo vile vipande vibapa vya feni, vya helikopta na vya injini huitwa mapanga. Wanaopenda usafi wa asili za maneno huenda wakakunja uso. Sisi twaona kosa hilo la nasaba limezaa neno zuri, kwani panga hukata hewa sawasawa na jinsi linavyokata majani, na kila asikiaye huelewa.

Hata mafuta ya jeti hayakuwa mageni. Katika miaka ya 1950, Magomeni ilipokuwa ikipanuka ng'ambo ya Mto Msimbazi, nyumba zilizokosa umeme ziliwashwa koroboi, kandili na karabai. Mafuta yaliyowaka humo na mafuta ya injini za jeti ni ndugu wa karibu. Ya ndege yamechujwa kwa uangalifu zaidi, na hupimwa yasigande katika baridi ya juu, lakini ukoo ni mmoja. Mfasiri anayeandika petroli anapoelezea matangi ya ndege kubwa ya abiria amekosa, na kosa lake si dogo, kwa maana petroli hutoa mvuke upesi na hushika moto kwa namna nyingine kabisa. Aandike mafuta ya taa ya ndege, nasi tutaelewa.

Sasa tuingie ndani ya injini. Kazi yake huelezwa kwa vitenzi vinne: huvuta hewa, huishindilia, huchoma mafuta ndani yake, kisha huitoa nyuma kwa nguvu. Hapa ndipo kamati nyingi za istilahi hukwama, kwani hukimbilia nomino. Kifaa cha kushindilia kimependekezewa majina yaliyoundwa kutokana na kukandamiza na kugandamiza, ilhali mafundi wa friji wa Kariakoo na wa matairi wa Magomeni husema kompresa na hawasumbuki. Tulipata kumwuliza fundi mmoja wa matairi, karibu na Mapipa, kompresa yake hufanya kazi gani. "Inashindilia upepo, mzee wangu," alijibu, kisha, kana kwamba ameona hatujaridhika, akaongeza, "nao ukishindiliwa sana unapata moto." Katika sentensi hizo mbili mna fizikia ya kutosha kuanzia somo. Hatudai kwamba neno lake upepo lifae vitabuni, maana upepo wa vitabuni ni hewa iliyo katika mwendo, na iliyofungiwa tairini haiendi popote. Lakini kitenzi chake ni bora kuliko nomino zetu nyingi. Mwanafunzi akikishika kitenzi kushindilia, jina la kifaa liwe kompresa au jingine lolote, hatapotea.

Tofauti na neno hilo la gereji, kanieneo ni neno la wataalamu, lililoundwa kwa kuunganisha kani na eneo, na linasema hasa lile linalopimwa: kani iliyogawanywa kwa eneo. Ni katika istilahi bora zilizopata kuundwa Tanzania, nasi tutalitumia hapa bila woga. Shinikizo liachiwe siasa na madaktari.

Injini iliyokuja kuisukuma Concorde haikuanza kwa ajili ya abiria. Iliitwa Olympus, kwa jina la mlima wa miungu ya Wayunani, na kampuni ya Bristol iliiwasha kwa mara ya kwanza mwaka 1950 kwa ajili ya ndege za vita. Iliendesha Vulcan, ndege kubwa ya mabomu ya Uingereza. Upya wake ulikuwa kuwa na kompresa mbili zilizofuatana, moja ya kanieneo dogo na moja ya kanieneo kubwa, kila moja ikizungushwa na turbini yake kwa mhimili wake, mhimili mmoja ukipita ndani ya mwingine. Kwa njia hiyo kila kompresa ilizunguka kwa kasi iliyoifaa. Uingereza na Ufaransa zilipotia sahihi mkataba wa kujenga ndege ya pamoja, tarehe 29 Novemba 1962, Olympus ilichaguliwa, ikaongezewa nguvu na kupewa namba 593. Waingereza walishughulikia injini yenyewe. Wafaransa wa kampuni ya SNECMA walishughulikia mfumo wa kutolea gesi nyuma. Mwaka 1966 injini hiyo ilifungwa chini ya tumbo la Vulcan moja na kujaribiwa angani. Tarehe 2 Machi 1969 Concorde ya kwanza iliruka Toulouse, na tarehe 4 Novemba 1970 ikafikia kasi mara 2 ya sauti.

Tumefika mahali ambapo neno injini huanza kudanganya. Mtu akiambiwa kwamba ndege fulani huenda kasi kuliko sauti, hudhani imepewa injini yenye nguvu nyingi kuliko nyingine, basi yamekwisha. Nguvu zilihitajika, hatukatai: kila Olympus ya Concorde ilitoa msukumo wa takriban kilonyutoni 169 wakati wa kuruka, na zilikuwa nne. Lakini ugumu wenyewe ulikuwa mbele ya injini. Kompresa haiwezi kupokea hewa ijayo kwa kasi mara 2 ya sauti. Mapanga yake yangepatwa na mawimbi ya mshtuko na mtiririko ungevurugika. Hewa sharti ifike hapo kwa takriban nusu ya kasi ya sauti tu. Concorde ilisafiri kwa zaidi ya kilometa 2,100 kwa saa, katika kimo cha kama mita 18,000, na hewa iliyoingia ilipaswa kupunguzwa kasi hiyo yote katika umbali wa mita chache, bila kuvurugwa.

Jambo hilo lilifanywa na mfereji wa umbo la sanduku uliotangulia kila injini. Paa lake lilikuwa na mabamba yenye bawaba, yaliyopanda na kushuka kwa amri ya kompyuta. (Tumesema kompyuta. Wapo waliopendekeza ngamizi, na wapo watumiao tarakilishi, hasa Kenya. Hatutaufufua ugomvi huo hapa.) Ncha na mabamba hayo yalizalisha mawimbi ya mshtuko kwa makusudi, kila wimbi likiipunguzia hewa sehemu ya kasi yake na kuiongezea kanieneo. Wajuao Mto Msimbazi wanajua kwamba maji yakifinywa chini ya daraja la Jangwani huongeza mbio, na yakitawanyika bondeni hutulia. Hewa iliyopita kasi ya sauti hufanya kinyume: ikifinywa hupunguza mbio, ikiachiwa nafasi huzidisha. Ikishashuka chini ya kasi ya sauti, hurudia adabu ya mto. Kwa hiyo mfereji ule ulianza kwa kuwa mwembamba, kisha ukapanuka, na mahali pembamba kuliko pote ndipo tabia ya hewa ilipobadilika.

Mahali hapo tunapendekeza paitwe koo, na mfereji wote uitwe koo la hewa. Majina mengine yamewahi kufikiriwa. Mlango wa hewa ni rahisi mno. Mlango hufunguliwa na kufungwa, haufanyi kazi juu ya kile kipitacho. Tundu la hewa ni baya zaidi, maana tundu ni uwazi tu, na mwanafunzi akilisikia ataamini kwamba pale mbele hapana kitu ila nafasi. Hesabu zinazotajwa na wahandisi wa Concorde huonyesha ubaya wa imani hiyo. Ndege ilipokuwa katika mwendo wake wa juu, takriban asilimia 63 ya msukumo ilitokana na kanieneo lililosukuma kuta za koo la hewa, asilimia 29 ilitokana na mfumo wa kutolea gesi, na asilimia 8 tu ndiyo iliyosukuma kiwiliwili cha injini chenyewe. Si kusema kwamba injini ingeweza kuachwa nyumbani. Bila kuvuta na kuchoma kwake koo lisingekuwa na kitu cha kukabili. Lakini hewa ilikuwa imekwisha kushindiliwa zaidi ya mara 7 kabla haijagusa panga la kwanza la kompresa, na ilikuwa na joto la kuzidi nyuzi 120 za Selsiasi, ingawa nje palikuwa na baridi ya nyuzi 57 chini ya sifuri. Ule moto alioutaja fundi wa Magomeni Mapipa ulipatikana hapo bila kompresa yoyote, kwa mbio za ndege peke yake. Ndiyo sababu mapanga ya mwisho ya Olympus 593 yalihitaji aloi za nikeli, metali ambayo kwa kawaida huwekwa kwenye turbini, nyuma ya moto.

Ugumu wa pili ulikuwa nyuma, na hapa pana somo zuri la ufasiri. Gesi itokapo kwenye turbini bado ina oksijeni nyingi ambayo haijaungua. Ukiinyunyizia mafuta tena na kuyawasha, unapata msukumo wa ziada. Waingereza wameliita jambo hili kwa neno lenye maana ya kupasha moto upya. Wamarekani wamelipa jina la kichomaji cha baadaye. Wafaransa husema mwako wa baadaye. Mataifa matatu, kifaa kimoja, na kila moja limeona kitu chake. Mpishi wa Magomeni angekubaliana na Waingereza, maana ni sawa na kupasha kiporo: chakula cha jana kingali na nguvu, kinataka moto tu. Hata hivyo jina hilo lina upungufu, kwa sababu kiporo hakiongezwi kitu, ilhali hapa mafuta mapya huongezwa na kuchomwa. Tunaona mwako wa pili ni jina lililo wazi kuliko yote hayo. Tumekutana na pendekezo la moto wa nyuma, nasi tunalikataa kabisa. Mwenye gari Dar es Salaam akisikia moto wa nyuma atadhani ni ule mlipuko wa kwenye eksozi unaotokana na injini mbovu. Vivyo hivyo tungeonya juu ya nozeli kwa maana ya mdomo wa kutolea gesi: mafundi wa dizeli wamekwisha kulitwaa neno hilo kwa kile kinyunyizacho mafuta, na injini ya jeti ina vyote viwili.

Mtu asidhani ni ugomvi wa majina matupu. Historia ya ndege hizi kwa sehemu kubwa ni historia ya mwako wa pili. Huongeza nguvu, lakini hunywa mafuta bila kiasi. Concorde iliutumia wakati wa kuruka na wakati wa kupenya kasi ya sauti, kisha ikauzima na kuendelea bila huo kwa saa nzima na zaidi. Hapo ndipo akili ya koo la hewa ilipolipa. Ndege ya Kisovieti Tu-144 iliitangulia Concorde kuruka, tarehe 31 Desemba 1968, lakini injini zake za kwanza zililazimika kuwasha mwako wa pili muda wote wa mwendo wa juu. Mafuta yaliisha haraka, safari zikawa fupi, na kelele ndani ikawa kubwa. Ilichukua abiria kati ya Moscow na Alma-Ata kuanzia Novemba 1977 hadi Juni 1978, basi. Injini bora zaidi, isiyohitaji mwako huo katika mwendo wa juu, ilikuwa ikitayarishwa, ila muda ulikuwa umekwisha. Marekani nayo ilibuni injini kubwa kuliko zote hizo, ya kampuni ya General Electric, kwa ajili ya ndege ambayo haikupata kujengwa. Bunge lake liliikatia fedha mwaka 1971. Mfasiri asiyetofautisha kati ya injini iliyo na mwako wa pili na injini iliyouwasha ataisoma historia hii yote bila kujua kwa nini mmoja alidumu miaka 27 na mwingine miezi 7.

Afrika haikuwa nje ya habari hizi. Safari za abiria zilipofunguliwa tarehe 21 Januari 1976, ndege moja ilitoka London kwenda Bahrain na nyingine ikatoka Paris kwenda Rio de Janeiro kupitia Dakar. Rais Mobutu wa Zaire naye aliikodi Concorde, ikatua kwenye uwanja wake wa Gbadolite. Lakini tukio tulipendalo zaidi ni la tarehe 30 Juni 1973. Siku hiyo jua lilipatwa, na kivuli cha mwezi kikapita juu ya Sahara hadi kaskazini mwa Kenya, kwenye ziwa ambalo leo huitwa Turkana. Aliyesimama ardhini, popote alipokuwa, hakupata giza la zaidi ya dakika 7 na sekunde 4. Concorde ya kwanza, ikiwa imetobolewa madirisha darini kwa ajili ya wanasayansi, iliondoka Las Palmas na kukimbia pamoja na kivuli hadi karibu na Fort-Lamy, jina la zamani la N'Djamena. Waliokuwa ndani walikaa gizani kwa dakika 74. Turkana walipokitazama kivuli kikipita dakika chache, wenzao wa angani walikuwa wamekiandama kwa zaidi ya saa nzima. Na hilo halingewezekana kama injini zingekuwa na kiu ya zile za Tu-144.

Kilichowashinda wote ni kelele. Ndege ipitayo sauti hukokota mawimbi ya mshtuko hadi chini, nayo yakifika ardhini husikika kama mpigo mmoja au miwili mizito. Baadhi ya waandishi wameita jambo hilo ngurumo, lakini ngurumo huviringika na kuendelea. Mlipuko nao si sahihi, kwa kuwa hakuna kinacholipuka. Kiswahili kina kishindo, sauti ya ghafla ya kitu kizito, nacho kinatosha bila kuongezewa chochote. Kishindo cha sauti ni kurudia jambo mara mbili. Kwa ajili ya kishindo hicho Marekani ilipiga marufuku mwaka 1973 ndege za kiraia kupita kasi ya sauti juu ya nchi yake, na Concorde ikabaki ndege ya baharini. Zilijengwa 20 tu, na 14 kati yake ndizo zilizochukua abiria. Ilibeba abiria wapatao 100 na matangi yake yalijazwa hadi tani 95 za mafuta. Mwenye kufanya hesabu atapata karibu tani moja kwa kila kiti. Baada ya ajali ya Paris ya tarehe 25 Julai 2000, na kupungua kwa abiria, iliondolewa kazini mwaka 2003.

Limebaki jina la ndege zenyewe. Ndege za kasi ya sauti ni kosa, kwani hueleza zinazolingana na sauti, si zinazoizidi. Ndege zenye mwendo wa kasi zaidi ya sauti ni sahihi, lakini jaribu kulirudia mara 40 katika mkataba mmoja. Lugha yetu ina desturi ya kuunganisha kitenzi na nomino, nayo imetupa kipazasauti na kinasasauti, ambayo kila karani huyajua. Kwa kufuata desturi hiyo twapendekeza ndege pitasauti, na kwa zile nyingine, ndege za chini ya sauti. Mwendokasi tunaliacha lilipo kwa maana ya kipimo, tukitumaini kwamba muktadha utaepusha basi la Morogoro Road. Yafaa mfasiri akumbuke pia kwamba kasi ya sauti haina tarakimu moja. Katika joto la Dar es Salaam la nyuzi 30 ni kama kilometa 1,256 kwa saa. Katika baridi ya kimo cha Concorde ni kama 1,060. Namba ya Mach, iitwayo hivyo kwa heshima ya mwanafizikia Ernst Mach, hupima uwiano tu, na kuigeuza kuwa kilometa bila kutaja joto ni kuandika jambo lisilojulikana.

Kazi ya kujenga ndege hizi imeanza upya. Tarehe 28 Januari 2025 ndege ndogo ya majaribio ya kampuni ya Boom ya Marekani ilipita kasi ya sauti, na Juni mwaka huo rais wa nchi hiyo aliagiza marufuku ya 1973 ifutwe. Kampuni ya Rolls-Royce, iliyorithi Olympus, ilijitoa katika mradi huo mwaka 2022, na Boom ikaamua kutengeneza injini yake yenyewe. Injini hiyo imekusudiwa isiwe na mwako wa pili kabisa, nayo itakuwa ya aina ambayo mapanga makubwa ya mbele husukuma sehemu ya hewa kupita kandokando ya kiini bila kuchomwa. Mapanga kama hayo, tena makubwa zaidi, abiria wa Boeing 787 za Shirika la Ndege la Tanzania huyaona kila wapandapo ngazi. Injini ya aina hiyo bado haina jina la Kiswahili linaloturidhisha. Jeti ya feni ni nyepesi na yaweza kupita, ila feni kwa watu wengi ni kifaa cha kupunguza joto sebuleni. Sisi tumevutwa na jeti ya pangaboi, tukijua kwamba baadhi ya wenzetu watacheka. Wasomaji walio na neno jingine watuandikie, pamoja na maelezo ya mahali walipolisikia na kazi ya aliyelitamka.